Ngumi Barafuni: Je, Mapigano Katika Mpira wa Magongo Yapigwe Marufuku?

Mpira wa magongo wa barafuni huchezwa na watu sita kila upande, ndani ya uwanja wa barafu uliozungushiwa ukuta mfupi. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikimbiza kwa magongo kisahani kidogo cha mpira mgumu. Kwetu Afrika ya Mashariki mchezo huu ni mgeni, ingawa Nairobi ilipata kiwanja kidogo cha barafu, ndani ya hoteli, mwaka 2005. Nchini Kanada ndio mchezo wa taifa wa majira ya baridi, tena kwa sheria ya Bunge.

Liko jambo moja linalomshangaza kila mgeni anayeutazama kwa mara ya kwanza. Wachezaji wawili hutupa glavu zao chini, hukamatana fulana, kisha hupigana ngumi za uso. Waamuzi hawakimbilii kuwaamua. Aghalabu husimama kando wakingoja mmoja aanguke au wote wawili wachoke. Baada ya hapo wapiganaji hupelekwa kwenye kizimba cha adhabu, hukaa humo dakika tano, na kurudi mchezoni. Katika kandanda tendo hilohilo humtoa mchezaji uwanjani kwa kadi nyekundu, na michezo kadhaa inayofuata humpita.

Kwa hiyo si kweli kwamba mapigano hayana katazo. Ligi kuu ya Marekani na Kanada, iitwayo NHL, iliundwa Montreal mwaka 1917, na mwaka 1922 iliyawekea mapigano adhabu hiyo ya dakika tano. Kinachobishaniwa ni ukubwa wa adhabu. Kwa kawaida wapiganaji wote wawili huadhibiwa sawasawa, na wenzao huingia mahali pao; hivyo hakuna timu inayopungukiwa mtu. Kosa lisilomgharimu mkosaji chochote ni kosa kwa jina tu. Kutokana na urahisi huo ilizuka kazi ya pekee ambayo haimo katika mchezo mwingine wa timu: kazi ya mbabe, mtu anayelipwa mshahara si kwa kufunga mabao bali kwa kupigana.

Watetezi wa desturi hii wana hoja inayostahili kusikilizwa. Husema kwamba mchezo una kasi kubwa mno, kila mchezaji ameshika gongo liwezalo kuumiza, na waamuzi hawawezi kuona yote. Hofu ya mbabe, wasema, ndiyo inayomzuia mtu asimpige gongo la uso mchezaji hodari wa upande wa pili. Hoja hii ina sifa moja njema mbele ya mwanasayansi: yaweza kupimwa.

Katika michezo ya Olimpiki kanuni ya kimataifa humtoa mpiganaji mchezoni moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2014 nyota wa NHL walishiriki Olimpiki tano, wakiwa watu walewale, kwa hasira zilezile. Tarehe 28 Februari 2010, mjini Vancouver, Kanada iliifunga Marekani mabao 3 kwa 2 katika fainali iliyokwenda hadi muda wa ziada, na hakuna aliyetupa glavu. Tarehe 15 Februari 2025, mjini Montreal, nchi hizohizo zilikutana katika mashindano yaliyoendeshwa kwa kanuni za NHL. Katika sekunde 9 za kwanza za mchezo yalitokea mapigano matatu. Mwanafunzi makini atasema, na atakuwa na haki, kwamba michezo miwili haitoshi kuthibitisha kanuni, tena siasa baina ya nchi hizo mbili ilikuwa imechacha wiki ile. Hata hivyo vyuo vikuu vya Marekani navyo humtoa mpiganaji na kumnyima mchezo unaofuata, na huko mapigano ni nadra. Katika NHL yenyewe, miaka ya 1980 ilikuwa na wastani wa karibu pigano moja kwa kila mchezo; kufikia mwisho wa miaka ya 2010 lilibaki takriban moja kwa kila michezo mitano. Kama mbabe ndiye polisi wa uwanja, kupungua kwake kungezua fujo ya magongo kila upande. Fujo hiyo haikuonekana.

Barafu yenyewe ina somo lake la fizikia. Mwanamasumbwi wa ulingoni huipata nguvu ya ngumi kutoka miguuni: huisukuma sakafu, nayo humsukuma yeye, kama isemavyo kanuni ya tatu ya Newton. Juu ya barafu msuguano ni mdogo sana, mguu huteleza, na ngumi hupungua nguvu. Ndiyo maana wapiganaji hushikana fulana kwa mkono mmoja. Kila mmoja humfanya mwenzake kuwa nguzo yake, na papo hapo humvuta kuielekea ngumi inayokuja.

Hatari kubwa zaidi ni anguko. Kichwa kinachoanguka bila kizuizi kutoka kimo cha mita 1.8 hufika chini kwa mwendo wa karibu mita 6 kwa sekunde, yaani kilometa 21 kwa saa; mlinganyo v² = 2gh watosha kuthibitisha. Ichukuliwe kwamba bitana ya kofia ngumu hukisimamisha kichwa hicho katika umbali wa sentimeta 2. Mchapuko wa kukisimamisha utakuwa takriban mara 90 ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Ikiwa kofia imechomoka, na umbali huo ni nusu sentimeta tu, hesabu hupanda hadi mara 360.

Hesabu hiyo si ya ubaoni peke yake. Tarehe 12 Desemba 2008, katika jimbo la Ontario, kofia ya Don Sanderson wa timu ya Whitby Dunlops ilichomoka katikati ya pigano, naye akaanguka na kugonga kichwa kwenye barafu. Alifariki tarehe 2 Januari 2009, akiwa na umri wa miaka 21.

Madhara mengine huja polepole. Ubongo ni tishu laini inayoelea katika majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinapozungushwa ghafla, nyuzi za neva huvutwa na kujeruhiwa. Majeraha hayo yakirudiwa kwa miaka mingi, protini iitwayo tau hujikusanya katika seli za ubongo, na kumbukumbu, hasira na uamuzi wa mtu huharibika. Madaktari huuita ugonjwa huo kwa herufi CTE. Derek Boogaard, mbabe wa Minnesota na baadaye New York, alicheza michezo 277 ya ligi kuu na kufunga mabao 3 tu. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28, kwa mchanganyiko wa pombe na dawa kali za maumivu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake walikuta CTE tayari.

Tatizo la ugonjwa huu ni kwamba hutambuliwa kwa hakika baada ya kifo tu, kwa kutazama vipande vya ubongo kwa hadubini. Todd Ewen, mbabe mwingine, alifariki mwaka 2015. Uchunguzi wa kwanza haukuona CTE, bali uchunguzi wa pili, uliotangazwa na Boston mwaka 2018, uliiona. Vilevile bongo zinazochunguzwa hutolewa na familia zilizokwisha kuona dalili, hivyo haziwakilishi wachezaji wote. Kwa sababu hiyo yafaa kuongeza ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha uchunguzi wa wachezaji 6,039 wa NHL tangu mwaka 1967. Waliopigana mara 50 au zaidi hawakuzidi sana wenzao kwa idadi ya vifo, lakini waliokufa miongoni mwao walikufa takriban miaka 10 mapema, na sababu kama kujiua na kuzidisha dawa zilijitokeza zaidi kwao.

Iko hoja moja zaidi. Mwaka 2024 watafiti wa Boston, baada ya kuchunguza bongo 77 za wachezaji, walieleza kwamba kila mwaka wa kucheza huongeza uwezekano wa CTE kwa asilimia 34. Maana yake ni kwamba kugongana vikumbo nako huumiza, hata bila ngumi. Wapo wanaosema basi kufuta mapigano ni kazi bure. Lakini paa linapovuja mahali pawili fundi haachi tundu moja kwa sababu lipo la pili. Isitoshe, kikumbo hutumika kuwania kisahani. Ngumi haiwanii kitu.

Ligi za vijana zimetangulia. Mwaka 2012 ile ya Ontario ilianza kumfungia kijana apitaye mapigano 10 kwa msimu, na mwaka 2016 ikashusha kikomo hadi 3. Mwaka 2023 ligi ya Quebec na majimbo jirani ilikwenda mbali zaidi: anayepigana hutolewa mchezoni papo hapo. Kanuni hiyo huwahusu vijana wa miaka 16 hadi 20, wengi wao wakiwa bado masomoni. Wale watakaosajiliwa na ligi kuu watakikuta kizimba kilekile, na dakika zilezile tano.