Maktaba uliyoizoea ikipitwa, unahama na nini?

Umejifunza AngularJS hapa Songea, usiku, kwa bando la kuungaunga. Umeielewa vizuri tu, halafu kila mtu anaanza kuongelea React. Je, muda wako umeenda bure?

Tuanze na msingi. Maktaba ya programu ni msimbo ulioandikwa na wengine, unaoutumia ili usianze kila kitu mwanzo. AngularJS ilitoka Google mwaka 2010, React ikatoka Facebook mwaka 2013. Desemba 31, 2021, Google ikaacha rasmi kuihudumia AngularJS.

Mfano tunao karibu: DHIS2, mfumo wa Chuo Kikuu cha Oslo unaopokea takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya nchini. Sehemu yake ya kufuatilia wagonjwa, Tracker Capture, ilijengwa kwa AngularJS. Haikuzimwa ghafla, maana kazi za vituo hazisubiri. Ilijengwa Capture mpya kwa React, na kwa miaka kadhaa zote mbili zikaenda sambamba, kazi zikihamishwa kidogokidogo.

Na wewe fanya hivyo. Programu ya zamani haifi siku huduma inapokoma. Hatari ni mianya ya usalama ambayo hakuna tena wa kuiziba. Kwa hiyo hamisha ukurasa mmoja mmoja, ukianza na ule unaogusa taarifa za watu. Mahesabu na kanuni za kazi ziandike kwa JavaScript ya kawaida, nje ya maktaba yoyote. Hata React ikipitwa kesho, hizo utahama nazo.