Mwamba Huvunja, Mchanga Hula: Kutunza Beko Kuukuu Kwale

Mwenye beko kuukuu akija na malalamiko, huanza na injini. Imechoka, atasema, haina nguvu ya kuchimba, labda tuifungue. Mimi huomba chaki kwanza. Opereta ananyoosha mkono wa nyuma, anauinua nusu mita kutoka ardhini, anazima injini, nami natia alama kwenye fimbo ya silinda pale inapotokea. Tunaenda kunywa chai, na hakuna mtu anayeruhusiwa kupita chini ya ule mkono. Tukirudi baada ya dakika kumi, alama ikiwa imesogea vidole vinne, tumekwisha kujua kwamba injini haina kesi.

Nazungumzia zile mashine ndogo zenye ndoo ya kupakia mbele na mkono wa kuchimbia nyuma. Hapa Kenya zote huitwa JCB, hata zile ambazo hazikuwahi kukiona kiwanda alichoanzisha Joseph Cyril Bamford huko Uingereza mwaka 1945. Nyingine ni Kubota ndogo kama L35, iliyoundwa kiwandani ikiwa na ndoo na mkono wake. Nyingine ni trekta la shamba, Massey Ferguson 135 kwa mfano, lililofungiwa vifaa baadaye na mtu mwenye mashine ya kuchomelea na ujasiri mwingi. Zinapendwa Diani na Ukunda kwa sababu zinapita kwenye geti la nyumba. Zinachimba mashimo ya vyoo, misingi na mitaro ya maji, mahali ambapo ekskaveta kubwa ingeangusha ukuta kabla haijafika kwenye kazi.

Kitabu cha mashine huhesabu matengenezo kwa saa: grisi kila saa 10, filta baada ya saa kadhaa, mafuta baada ya nyingine. Ratiba hiyo ni nzuri. Lakini hapa kwetu saa 10 za Diani ufukweni hazilingani na saa 10 za Maumba huko bara, na fundi asiyeuliza mashine ilichimba wapi wiki iliyopita anatibu mgonjwa bila kumuuliza alikula nini.

Ukitoka ufukweni Diani ukaelekea bara, unaanza kwa kukanyaga mwamba wa matumbawe, uleule unaochongwa kuwa mawe ya kujengea. Baadaye unaingia kwenye mchanga, na kadiri unavyoikaribia Milima ya Shimba ndivyo mchanga unavyokuwa mwekundu. Waendeshaji wengi huogopa mwamba na kuufurahia mchanga. Kwa upande wa meno ya ndoo wana haki. Kwa upande wa pini na bushi wamekosea kabisa.

Wanajiolojia hupima ugumu wa madini kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi. Mwamba wa matumbawe ni chokaa, nao una ugumu wa 3 hivi, msumari unaukwaruza. Chembe za kawaida za mchanga ni kwatzi, yenye ugumu wa 7. Na mchanga wetu mwekundu una zaidi ya kwatzi. Ndio uliowaleta watu wa kampuni ya Base Titanium, waliosafirisha shehena yao ya kwanza mwaka 2014 na kumaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024. Walikuwa wakifuata ilmenaiti, rutaili na zikoni, na zikoni ina ugumu wa 7.5. Chuma cha kawaida cha pini hakifiki huko. Kwa hiyo chembe moja ikiingia kati ya pini na bushi inageuka jino la msumeno, na kila mkono unapoinama, jino hilo linapita.

Ndiyo maana naudhika nikimwona tanboi akibandika bomba la grisi kwenye chuchu yenye vumbi. Hapo hatii grisi, anasukuma mchanga ndani kwa presha. Chuchu ifutwe kwa kitambaa kwanza, kila moja, hata kama ni ishirini. Kisha sukuma mpaka grisi ya zamani itoke pembeni, na uitazame: ikiwa nyeusi na inakwaruza ukiisugua kati ya vidole viwili, endelea kusukuma mpaka ije safi. Isipotoka kabisa, usiridhike na kwamba bomba limekuwa gumu. Njia imeziba kwa grisi iliyokauka, na hiyo pini imekuwa ikifanya kazi kavu, pengine kwa miezi. Ichomoe, itoboe njia yake, uirudishe. Kwenye mchanga mwekundu napaka asubuhi na tena mchana. Grisi ya namba 2 isiyooshwa na maji inatosha, na sina haja ya kuipigia chapuo chapa yoyote.

Mahali pa kuangalia kwanza ni mhimili ambao mkono huuzungukia kushoto na kulia. Unabeba uzito wote, uko karibu na ardhi, na ndio unaosahaulika. Mtu mmoja achezeshe mkono taratibu, mwingine atazame kwa mbali bila kuingiza vidole. Ukiona chuma kinaanza kusogea kabla ya kile kinachofuata, bushi limekwisha. Likibadilishwa mapema, kazi ni ya kukereza bushi jipya na pini, siku moja au mbili. Likiachwa, pini inaanza kula tundu lenyewe mpaka linakuwa na umbo la yai, na hapo bushi jipya halisaidii kitu. Tundu lijazwe kwa kuchomelewa, kisha lichongwe upya kwa mashine inayofungwa papo hapo ili matundu mawili yakae kwenye mstari mmoja. Nimeona watu wakijaza nafasi kwa vipande vya bati la mkebe. Linashika wiki moja, kisha bati lenyewe linasagika na kuwa mchanga mwingine.

Turudi kwenye ile alama ya chaki. Mkono unaoshuka wenyewe una sababu tatu za kawaida: sili za pistoni ndani ya silinda zimekatika, spuli ya valvu imelika, au valvu ndogo ya kuzuia mafuta yasirudi imekwama kwa uchafu. Wengi huruka moja kwa moja na kununua pampu, kitu cha bei kubwa, ilhali pampu haina uhusiano na mashine iliyozimwa. Ulaze mkono chini, zima, chezesha wenzo mpaka presha iishe. Washa tena, peleka silinda unayoishuku hadi mwisho wa safari yake, kisha zima na uitoe presha kwa mara nyingine. Fungua paipu ya upande ambao hausukumwi, uizibe kwa plagi, uache tundu la silinda wazi na debe chini yake. Washa, usukume tena kuelekea upande uleule. Mafuta yakitiririka mfululizo kwenye lile tundu, yamepita pistoni; badilisha sili. Tundu likibaki kavu, silinda ni nzima, nenda ukaitazame valvu. Jaribio hilo linakugharimu nusu saa na plagi moja.

Onyo moja ambalo silipunguzi. Haidroliki za mashine hizi hufanya kazi kwa presha ya psi 2,000 hadi 3,000 hivi. Gurudumu la gari dogo lina psi 30. Paipu ikitoboka tundu la sindano, mafuta hutoka kama ukungu usioonekana vizuri na huweza kupenya ngozi. Jeraha linaonekana dogo kama umechomwa na mwiba, haliumi sana mwanzoni, na baada ya saa chache mkono unaweza kuwa wa kukatwa. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kiganja. Ikimtokea mtu, asingoje kuona kama utavimba. Apelekwe hospitali kubwa mara moja na aseme wazi kwamba ni mafuta ya presha yaliyoingia ndani, maana daktari akiona kitundu tu atampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani.

Pampu nayo huumwa, lakini ina dalili zake. Mashine ikiwa na nguvu asubuhi na kulegea saa sita, mafuta yakiwa moto, pampu inaweza kuwa imelika ndani, au mafuta ni mepesi kuliko joto letu. Ikilia kama nyuki tangu asubuhi, pampu inakosa mafuta: chujio la ndani ya tangi limeziba, au inavuta hewa. Hapo ndipo fundi hupotea, kwa sababu paipu ya kuvutia inaweza kuvuta hewa bila kudondosha hata tone. Tunazoea kwamba paipu mbovu huvuja. Hii haivuji, inanyonya. Paka grisi nzito kwenye kila kiungo cha paipu hiyo injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Mafuta yenye hewa huwa na povu. Yenye maji yana rangi ya chai ya maziwa, na hayo hayana haja ya mjadala: dondosha matone mawili kwenye bati la moto, yakipasuka kwa sauti, kuna maji.

Na pwani maji yanaingia tu. Hewa yenyewe ina unyevu, tangi linapoa usiku na kuivuta, mvua ya mwaka inanyesha kwenye mashine iliyoachwa chini ya mwembe. Tabia yangu ni kulegeza plagi ya chini ya tangi asubuhi kabla ya kuwasha, maji yakiwa yametulia chini, na kuyaacha yatoke mpaka mafuta yafuate. Kwenye trekta nyingi ndogo, mafuta ya haidroliki ndiyo yaleyale ya gia, na huenda ya breki za ndani pia. Aina yake ni maalumu. Aliyemimina oili ya injini kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo dukani, breki zake zitamwambia.

Chumvi inafanya kazi polepole kuliko mchanga, na inapenda fimbo za silinda. Krome ikitobolewa vitundu vidogo, kila tundu linakuwa kisu kidogo kinachopita kwenye sili mara mia kwa siku. Ukibadilisha sili bila kushughulikia fimbo, umenunua wiki tatu. Mashine inapoegeshwa Ijumaa, chagua mkao unaoficha fimbo nyingi zaidi ndani ya silinda, na zile zinazobaki nje zipakwe grisi. Ikiwa imefanya kazi karibu na maji ya bahari, ioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, bila kuelekeza mtutu wa presha kwenye sili na beringi. Na kwenye rejeta usitie maji ya kisima cha Diani. Visima vingi karibu na ufuo vina chumvi, na chumvi hiyo inaacha magamba ndani. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati ni bora, na kipozeshi halisi kilichochanganywa nayo ni bora zaidi.

Chumvi hiyohiyo ndiyo inayouza betri mpya zisizohitajika. Stata ikigeuka kwa uvivu, kabla ya kwenda dukani fuata waya wa athi kutoka betri hadi kwenye bodi. Mara nyingi utakuta kijani kimejaa chini ya boliti. Kwangua, kaza, paka grisi.

Kuhusu paipu, chukua ile iliyoharibika uende nayo Mombasa kutafuta nyingine. Usieleze kwa mdomo. Nyuzi za Kiingereza, za Kimarekani na za Kijapani huweza kuingiana kwa mizunguko michache huku nyuso za kuziba zikiwa hazifanani pembe, na hakuna nguvu ya spana itakayozuia uvujaji.

Nimeuacha mwamba mwishoni kwa sababu kosa lake linaonekana haraka. Matumbawe hayali pini, yanatikisa. Ndoo inakwama kwenye jiwe, opereta analazimisha, mashine inainuka magurudumu ya nyuma, na mtikiso wote unapita kwenye fremu. Tafuta nyufa kwenye mishono ya kuchomelea penye shina la mkono, na penye nguzo za ndoo ya mbele. Osha kwanza, kwani ufa hujificha chini ya grisi na hujitokeza kama mstari mwembamba wa kutu. Kabla ya kuchomelea, ondoa vichwa vya betri na ubane waya wa athi karibu kabisa na mahali pa kazi, la sivyo umeme utapita kwenye pini na beringi na kuziachia makovu.

Matrekta ya shamba yaliyofungiwa mkono ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Trekta la aina hii halina fremu ndefu. Injini na sanduku la gia vimeunganishwa kwa boliti, na hivyo ndivyo mgongo wake. Mkono ukining'inizwa kwenye mikono mitatu ya nyuma bila chuma cha ziada kinachopeleka mtikiso mbele hadi kwenye ekseli, mgongo ule ndio unaochimba mwamba. Kila wiki jaribu boliti hizo kwa spana. Zikilegea tena na tena, au ukaona mafuta yakitoka kwenye mstari wa kuungana, simamisha kazi. Na kama sanduku lenyewe limeshapasuka, hilo ni chuma cha kumwagwa na fundi wa kulichomelea vizuri ni adimu. Fungua mkono, uupake grisi, uuze peke yake. Kati ya Ukunda na Lungalunga hakosekani mtu mwenye trekta zima linalotafuta mkono.