JE, WAJUA? Mozart kwa bei ya chee

Mwaka 1987, pale Hong Kong, Mjerumani Klaus Heymann alianzisha lebo ya Naxos. CD zake ziliuzwa kwa takriban theluthi moja tu ya bei ya zile za lebo kubwa. Muziki ulikuwa uleule: Mozart, Beethoven, Chopin.

Siri? Hakuajiri mastaa. Alikwenda Budapest na Bratislava, kwenye okestra hodari zisizojulikana. Wanamuziki walilipwa kwa mkupuo. Mrabaha hawakupata, hata CD ikiuzwa namna gani. (Hapo mtu anaweza kuguna.)

Kinara wao alikuwa Jenő Jandó, mpiga piano wa Hungaria. Alirekodi koncheto za piano za Mozart, yaani kazi ambamo piano moja hujibizana na okestra nzima, akiwa na Concentus Hungaricus. Akarekodi pia sonata zote 32 za Beethoven. Na za Haydn. Wengi waliusikia mkono wake kabla ya kulijua jina lake. Alifariki mwaka 2023.

Koncheto za Mozart zimepewa namba 1 hadi 27. Lakini nne za mwanzo si tungo zake! Akiwa na umri wa miaka 11, alichukua sonata za watunzi wengine na kuzipangia okestra.

Ukitaka kuanza, anza na namba 21, sehemu ya pili. Na jina dogo kwenye jalada lisikutishe.