Kiapo cha Asiye na Dini

Katika Kipawa, kama katika kata nyingi za Dar es Salaam, adhana na kengele ya kanisa husikika mtaa mmoja, na ni wachache mno wanaothubutu kutamka hadharani kwamba hawana dini. Hata hivyo watu hao wapo, nao huitwa mahakamani kama raia wengine. Je, neno lao liaminiwe?

Wako wasemao kwamba asiyemcha Mungu hana kinachomzuia kusema uwongo. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani kwa watu wengi hofu ya Mungu ndiyo nguzo ya uaminifu. Lakini yafaa tujiulize: tukimshurutisha mtu huyo ashike kitabu asichokiamini, tumepata faida gani? Tumemlazimisha auanze ushahidi wake kwa uwongo, kisha twamtaka aumalize kwa kweli.

Marekani ililikabili swali hili. Roy Torcaso aliteuliwa kuwa mthibitishaji wa hati katika jimbo la Maryland, akanyimwa kazi kwa kuwa alikataa kutamka kwamba anaamini kuwapo kwa Mungu. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwa kauli moja kwamba sharti hilo lilivunja uhuru wa imani. Nchi hiyo hiyo, mwaka 1956, ilikuwa imeyafanya maneno ya kumtumaini Mungu kuwa kaulimbiu yake rasmi.

Sheria yetu ya Viapo ya mwaka 1966 ilikwisha kuona mbali. Shahidi anayekataa kuapa kwa sababu hana dini huruhusiwa kutoa uthibitisho, na akisema uwongo hushitakiwa sawasawa na aliyeapa. Nayo Katiba ya mwaka 1977, kama ilivyorekebishwa, yatangaza kwamba Jamhuri haifungamani na dini, na ibara ya 19 yaiacha imani kuwa hiari ya mtu.

Jirani zetu Wakenya wamepita njia yenye miiba. Mwaka 2016 chama cha wasioamini Mungu kilisajiliwa, kisha usajili ukasimamishwa mwaka huo huo kwa hoja ya kulinda amani. Baadaye kiliendelea na kazi. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu, nacho chama kikamtakia heri. Amani haikuvunjika, na mlango wa imani ulionekana kuwa wazi pande zote mbili.

Basi, ndugu wananchi, sheria imekwisha kutimiza wajibu wake. Kilichobaki ni baraza la mtaani, ambako mtu huhukumiwa kabla hajafungua kinywa. Tumpime jirani kwa deni analolipa, kwa mizani yake sokoni na kwa ushahidi wake. Uhuru unaomlinda asiyesali ndio unaomlinda anayesali, na atakayeubomoa upande mmoja asishangae nyumba nzima ikimwangukia.