Baraza la Babu Chini ya Mwembe

Marehemu babu yangu, mzaa baba, alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi wa Unyanyembe, nje kidogo ya mji wa Tabora. Asubuhi alikusanya kodi. Mchana alikaa chini ya mwembe akiamua mashauri: ng'ombe aliyeingia shamba la mihogo, mahari iliyodaiwa kurudishwa. Asiyeridhika alipanda kwenye baraza la mtemi, na huko nako aliyemsikiliza ndiye aliyetawala nchi na kutoa amri. Faini ikaingia katika hazina ileile iliyomlipa babu mshahara.

Nikiwa kijana nilimuuliza: je, mtu aliyeonewa na mwanangwa alishtaki wapi? Alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Kwangu," akasema.

Nilikuja kuwa karani wa mahakama ya mwanzo, na jibu lile lilinifuata kazini hadi nilipostaafu. Ndiyo maana niliposoma habari za wajumbe waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba ya Marekani, sikuona mambo ya kigeni. Walikuwa wametoka kumkataa mfalme wa Uingereza, wakahofia kujitengenezea mwingine. Wakachukua wazo ambalo Mfaransa Montesquieu alilichapisha mwaka 1748: anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayehukumu wasiwe mtu mmoja. Kisha wakawafanya wachungane. Rais anaweza kukataa muswada, lakini theluthi mbili ya kila bunge kati ya mabunge yao mawili inaweza kuupitisha bila yeye. Fedha hazitoki bila Bunge kuidhinisha. Na mbunge haruhusiwi kuwa waziri wakati huohuo; kwetu, waziri lazima awe mbunge. Sheria hiyo ya Wamarekani mimi ningeiazima kesho.

Lakini msiwasifu kupita kiasi. Katika kugawana viti vya uwakilishi walikubaliana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Watumwa wenyewe hawakupiga kura. Hesabu yao iliwaongezea viti mabwana zao. Sisi wa Tabora tunaielewa hesabu hiyo. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na pamoja na pembe za ndovu walipita humu binadamu waliohesabiwa kama mzigo.

Hesabu ya namna hiyo ilirudi Tabora kwa sura nyingine Januari 1958, TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, kilipofanya mkutano wake mkuu hapa. Serikali ya kikoloni ya Gavana Twining ilikuwa imepanga uchaguzi wa kura tatu: kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8, Wazungu kama elfu ishirini, lakini viti sawasawa! Tena kujiandikisha kulitaka elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambulika. Babu alipita kwa uanangwa wake. Bibi, aliyelima kuliko yeye, hakupita.

Wajumbe wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere, kiongozi wa TANU, ambaye alisoma Tabora na baadaye akafundisha shule ya St. Mary's papa hapa, aliwashawishi waingie katika uchaguzi huo mbaya ili waumalize kwa ndani. Mwana-TANU mmoja, Zuberi Mtemvu, hakukubali, akatoka na kuunda chama chake. Uamuzi ule uliitwa wa busara, nami naona unalistahili jina hilo, maana waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU, Waasia na Wazungu wakiwemo, walizoa viti. Mmoja wao, Lady Chesham, alikuwa mzaliwa wa Marekani.

Suala la nani ahesabiwe lilipiga hatua haraka. La madaraka kurundikana kwa mtu mmoja lilichukua muda zaidi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na sheria ya mahakama ya mwaka huohuo ikaleta mahakama za mwanzo zenye mahakimu wasiokusanya kodi. Mtemi wetu Abdallah Fundikira mwenyewe alikuwa ameshakaa katika baraza la mawaziri, akashika wizara ya sheria. Babu alirudi shambani. Hakulalamika, ila alisema hakimu mpya ni mtoto mdogo mno.

Leo Ibara ya 4 ya Katiba yetu inagawa mamlaka ya nchi katika sehemu tatu, tunazoziita mihimili. Neno zuri, hasa kwa anayejua nyumba ya tembe: mhimili mmoja ukibeba paa lote, udongo utakuangukia usingizini. Na neno Ikulu, tunaloliita makazi ya Rais, ni la hukuhuku, la boma la mtemi. Sijui kama jina lilihama peke yake. Maana sheria ya tawala za mikoa ya mwaka 1997 ingali inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, ilimradi afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48.

Kesi husikilizwa hadharani, msomaji. Chagua asubuhi moja, nenda mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe, ukae benchi la nyuma uangalie anayehukumu ni nani, na nani anamlipa.