Misa ya Kamina na mkono wa kushoto wa Mozart

Mwaka 1788 Mozart alitunga konseto ya piano, ile inayoitwa K. 537, akaacha sehemu kubwa ya mkono wa kushoto bila nota. Si uvivu. Mpigaji alikuwa yeye mwenyewe, na ambacho hakikuwa kwenye karatasi kilikuwa vidoleni. Konseto ilipochapishwa mwaka 1794, Mozart akiwa ameshakufa, nafasi zile zilikuwa zimejazwa na mtu mwingine, na ndizo nota ambazo wapiga piano wengi wanazipiga hadi leo.

Mafundi wa piano wa zama zile walikuwa watunzi na wapigaji kwa pamoja. Tarehe 24 Desemba 1781, huko Vienna, Kaisari Joseph II aliwashindanisha Mozart na Muzio Clementi, na walitakiwa pia kubuni muziki papo hapo.

Kwetu Kamina, nchini Kongo, ustadi huo wa kubuni papo hapo ulifanya kazi bila piano. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikusanya wavulana na walimu wao katika kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 wakaimba Missa Luba: maneno ya Kilatini, muziki wa Kiluba na wa Kasai. Kyrie inafuata kasala, uimbaji wa maombolezo. Sanctus inafuata wimbo wa kuagana. Nota hazikuwapo. Mwalimu Joachim Ngoi alianzisha, kwaya ikaitikia, ngoma zikashika mwendo. Umbo la wimbo walilijua wote, lakini mapambo ya sauti yalizaliwa pale pale, kinywani mwa mwimbishaji.

Kisha ikaja santuri ya Philips, ambayo kwa kweli imehifadhi uimbaji wa mara moja tu. Nota zilizochapishwa baadaye zikaufuata uimbaji huo. Sasa kuna kwaya za ng'ambo zinazorudia kila pambo la Ngoi, hata pale alipokuwa anatafuta njia tu (nimewahi kucheka, nakiri). Ni heshima, ila inamgeuza mbunifu kuwa andiko.

Ningekuwa mwalimu wa kwaya, ningeacha maitikio kama yalivyo na kumwambia mwimbishaji aifunge ile karatasi kwenye Kyrie. Na kwenye jalada, ambako Haazen anatajwa kuwa mpangaji wa muziki, ningeliandika jina la Ngoi kwa herufi zenye ukubwa uleule.