Kosa li Wapi: Katika Mtambo au Katika Programu?

Kompyuta ikikwama katikati ya kazi, mtunga programu humlaumu fundi wa mitambo, naye fundi humrudishia lawama hizo. Mara nyingi mashine huzimwa na kuwashwa upya kabla yeyote hajaitazama, na kwa tendo hilo ushahidi hupotea.

Jambo la kwanza la kuchunguza ni kama kosa hurudi. Maagizo yale yale yakilishwa hesabu zile zile hutoa jibu lile lile. Hivyo kosa la programu aghalabu huonekana tena pale pale, hata katika mashine nyingine. Mtambo mbovu hukwama leo hapa, kesho pale, pengine joto la mchana likizidi. Hata hivyo, kanuni hii si msahafu. Programu mbili zinazoendeshwa kwa pamoja huweza kugongana mara moja tu kwa mwezi, nao waya uliokatika hutoa kosa lisilobadilika kamwe.

Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa kampuni ya Intel, Marekani, walieleza kisa cha ajabu zaidi. Chipu za kumbukumbu zilikuwa zikipoteza tarakimu moja moja, lakini zilipopimwa zilionekana nzima. Katika chipu hizo kila tarakimu, 0 au 1, huhifadhiwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kijichumba cha silikoni. Kauri iliyofunika chipu ilikuwa na urani na thoriamu kidogo mno, na vitu hivyo hutoa chembe za alfa. Chembe moja ikipenya silikoni huachilia elektroni za kutosha kugeuza tarakimu. Hakuna kilichovunjika, kwa hiyo kipimo hakikuona kitu. Kitu chenye mnururisho mkali kilipowekwa karibu na chipu, makosa yaliongezeka.

Je, makosa yote ya kumbukumbu ni ya namna hiyo? La. Uchunguzi wa mashine za kampuni ya Google, uliotolewa 2009, ulionyesha kwamba zaidi ya vibao 8 katika kila 100 vya kumbukumbu vilipata kosa kwa mwaka, na kibao kilichokwisha kukosea kilielekea kukosea tena. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hukihamishia kibao kinachoshukiwa katika mashine nyingine, akangoja aone kama ugonjwa utakifuata.